Neti ya hamoki: iliyoshonewa au ya kuvalisha? Tazama kwanza chini ya mgongo

Wikiendi ndefu ikikaribia, vijana wa Arusha na Moshi wanaopanga kwenda kulala nje huulizana swali lilelile: ninunue hamoki yenye neti yake, au ninunue hamoki tupu na neti niitafute pembeni? Majibu yanagongana. Muuzaji wa mtumba anaapa kwamba yenye neti ndiyo "kamili". Aliyelala kwenye chemchemi za Chemka wakati wa masika anasema neti hiyohiyo haikumsaidia kitu, aliamka mgongo umejaa vipele kama aliyelalia upupu. Wa tatu anacheka tu: mbu gani Arusha, mji wa baridi?

Tuanze na majina, maana nusu ya mkanganyiko imo humo.

Hamoki ni kitanda cha kitambaa kinachoning'inia kati ya miti miwili. Wapo wanaoiita machela, ila kwa wengi wetu machela ni ile ya kubebea mgonjwa, kwa hiyo hapa tutasema hamoki. Ya kulalia usiku huwa na urefu wa mita 3 hadi 3.4 na upana wa mita 1.4 hivi. Ni ya nailoni au poliesta nyepesi, na ncha zake zimekusanywa kama mdomo wa gunia lililofungwa. Ile fupi, au ile yenye fito mbili za mbao kichwani na miguuni, ni ya kupunga upepo mchana. Hiyo iache bustanini.

Neti iliyoshonewa imeungwa na hamoki yenyewe ukingoni, pande zote, nawe unaingia kwa kufungua zipu. Neti ya kuvalisha ni kitu cha peke yake: mfuko mrefu wa neti, wazi ncha zote mbili. Hamoki nzima inapitishwa ndani yake kama mguu kwenye soksi, kisha ncha zinakazwa kwa kamba. Ni kama koti lenye kofia iliyoshonewa shingoni, na koti la kawaida unalolivaa na kofia ya sufu. Ile iliyoshonewa huwezi kuisahau nyumbani. Ile ya sufu unaweza kuisahau, lakini jua likiwaka unaivua na kuitia mfukoni, na kesho unaivaa na nguo nyingine.

Mpaka hapo inaonekana ni suala la urahisi tu. Tofauti inayouma iko kwenye eneo linalofunikwa. Neti iliyoshonewa iko juu yako peke yake, na upande wa chini unalindwa na kitambaa cha hamoki. Neti ya kuvalisha inazunguka juu, ubavuni na chini. Huyo wa Chemka aliumwa kutoka chini, na hapo neti yake haikuwepo kabisa.

Suruali iliyobana pajani

Kaa barazani saa moja jioni ukiwa na suruali nyembamba. Ikiwa imelegea, mbu anatua, anahangaika, anaondoka. Ukikunja goti kitambaa kikabana pajani, anachoma palepale. Hamoki ni paja hilo, ila la mwili mzima. Uzito wako wote, kilo 60 au 80, unakivuta kitambaa mpaka kinagandamana na mgongo, makalio na mapaja. Hakuna nafasi ya hewa katikati. Mrija wa mbu una urefu wa milimita 2 hivi, na nailoni ya hamoki nyepesi haifiki hata nusu milimita. Isitoshe, nyuzi zikivutwa huachana kidogo na kumwachia njia.

Mbu naye hana sababu ya kung'ang'ania juu. Anakufuata kwa pumzi, kwa harufu ya jasho, na akikaribia, kwa joto la ngozi. Akikuta neti huku, anazunguka kule. Kwa hiyo neti iliyoshonewa iliyo nzima kabisa, bila tundu hata moja, inaweza kukuacha umeumwa usiku kucha, na asubuhi ukamlaumu aliyekuuzia kwamba neti ni feki.

Dawa yake si ngumu: weka kitu kati ya mgongo na kitambaa. Mkeka wa povu wa mazoezi wenye unene wa milimita 6 hadi sentimita 1 unatosha, mrija haufiki. Shuka la Kimasai likikunjwa mara nne linasaidia, japo ukijigeuza linajikusanya na kuacha wazi sehemu moja, na mbu ataipata. Kuna hamoki za tabaka mbili ambazo mkeka unaingizwa katikati ya tabaka hizo, na hizo ndizo zinazoutuliza. Kwenye hamoki ya tabaka moja mkeka wa povu huteleza kuelekea miguuni.

Hata mkeka ukitulia, kuna mahali watu wengi wanaposahau. Mikeka mingi ina upana wa sentimita 50 hadi 60, na hamoki hukukunjia pande zote mbili. Mabega na viwiko vinabaki nje ya mkeka, vimegandamana na kitambaa kitupu. Ukiamka na vipele mabegani tu, mgongo salama, hiyo ndiyo sababu. Kipande cha pili cha povu, sentimita 50 kwa 100, kikilazwa kukingama mabegani kinamaliza shida hiyo. Kitakusaidia pia Juni na Julai, maana hewa baridi inayopita chini ya hamoki huchukua joto la mgongo hata ukijifunika blanketi mbili juu.

Arusha hakuna mbu?

Kauli hii ina mzizi. Arusha mjini iko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na baridi humchelewesha mbu kukua na kukichelewesha kimelea cha malaria ndani yake. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 uliiweka mikoa ya Arusha na Kilimanjaro kwenye kundi la maambukizi chini ya asilimia 1 kwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Lakini takwimu hiyo ni ya mkoa mzima, na ni ya malaria, haihesabu mbu. Tena anayetoka kwenda kulala nje haendi kulala Njiro ya Arusha wala Shanty Town ya Moshi. Anateremka. Chemka, Ziwa Chala, Nyumba ya Mungu, Mto wa Mbu: kote huko uko chini ya mita 1,000, kuna maji, kuna joto. Mto wa Mbu jina lenyewe halifichi kitu. Kwenye mashamba ya mpunga ya Lower Moshi, kule Mabogini na Chekereni, watafiti wamemfuatilia kwa miaka mingi mbu aitwaye Anopheles arabiensis. Huyu hana tabia ya kusubiri mpaka watu wawe ndani wamelala. Anauma nje, na anaweza kuanza mapema jioni mkiwa bado mnachoma nyama. Na aliyekulia mahali ambapo malaria ni nadra hana kinga iliyojijenga mwilini, kwa hiyo akiambukizwa anaugua kweli. Mtu wa milimani anayeshuka kwenda kulala tambarare ndiye anayehitaji neti kuliko wote.

Ukipanda, hesabu inageuka. Marangu na Machame karibu na mageti ya mlima, zaidi ya mita 1,600, kipindi cha baridi cha Juni hadi Agosti, neti ni mzigo tu. Hapo ndipo ya kuvalisha inapokupa raha: unaiacha nyumbani na hamoki inakuwa nyepesi. Baadhi ya zilizoshonewa zinaweza kugeuzwa, neti ikakaa chini na wewe ukalala upande wa pili, ila hakikisha kabla ya kununua. Nyingine zimekatwa kwa umbo la kulalia upande mmoja tu, na ukizigeuza kichwa kinakwenda mahali pa miguu. Zipo pia ambazo zipu inazunguka neti yote na kuiachia kabisa. Hizo ni nzuri, lakini urefu wa zipu unaongezeka maradufu, na zipu ndiyo sehemu inayokufa kwanza.

Jambo moja la pembeni kabla hatujaendelea. Kambi za wazi ndani ya hifadhi, Tarangire kwa mfano, si mahali pa hamoki ya aina yoyote. Wanyama hupita kambini usiku, na kinachotumika kule ni hema lililofungwa. Ndorobo, yaani mbung'o, wa Tarangire nao huuma mchana, na kitambaa chembamba hakiwasumbui.

Iliyoshonewa: mvuto wa kamba na meno ya zipu

Sifa yake kubwa ni kwamba inakuwa tayari kwa dakika tano. Unafunga ncha mbili, unaingia, unavuta zipu. Neti yenyewe inaongeza gramu 150 hadi 250 tu, maana inafunika upande mmoja. Haigusi ardhi, haikokoti matope. Kwa mtu anayehamisha kambi kila siku, tuseme anatembea vijiji vya Usambara akilala hapa leo na pale kesho, au anayefika kambini giza limeshaingia, hii ndiyo ya kwake.

Ila ina masharti mawili.

La kwanza ni kamba ya juu, ile inayotoka ncha ya kichwani hadi ya miguuni, juu ya uso wako. Kazi yake ni kuishikilia neti na kuilazimisha hamoki ining'inie kwa mbonyeo uleule kila siku. Urefu wake ni asilimia 83 hivi ya urefu wa hamoki: ya mita 3 inataka kamba ya mita 2.5, ya mita 3.3 inataka mita 2.74. Ikikosekana, neti inakulalia usoni au inavutwa mpaka mshono unaachia. Hamoki nyingi za mtumba zimefika zikiwa zimepoteza kamba hii, na mnunuzi hajui kama iliwahi kuwepo.

Mikanda ya mtini nayo ishuke vizuri, kwa pembe ya nyuzi 30, yaani karibu sentimita 60 kwa kila mita moja kutoka mtini. Wengi huikaza hamoki ikanyooka kama meza wakidhani watalala vizuri. Angalia kinachotokea: mtu wa kilo 80, mikanda ikiwa nyuzi 30, kila mkanda unabeba kilo 80. Ikikazwa hadi nyuzi 10, kila mkanda unabeba takribani kilo 230. Kamba ya juu ikikosekana, nguvu hiyo inapita kwenye kitambaa na kufika kwenye mshono wa neti, uliokusudiwa kushika wavu mwepesi tu. Neti nyingi zinazoonekana zimechanika pembeni hazikuchanwa na miiba. Zilivutwa.

Kwa vitendo, tafuta miti miwili iliyoachana mita 4.5 hivi, hatua tano au sita, funga mikanda usawa wa sentimita 180, na ukikaa makalio yawe sentimita 45 kutoka ardhini, urefu wa kiti. Mti uwe na unene wa sentimita 20 au zaidi, na uwe mti kweli. Migomba imejaa Uchagani na inakaa kwa nafasi inayotamanisha, lakini mgomba si mti, utakuja nao chini. Kabla ya kufunga kwenye mgrivea angalia juu, matawi yake makavu huvunjika bila taarifa.

Sharti la pili ni zipu. Vumbi la ukanda huu ni laini kama unga, linaingia kati ya meno na kusaga kile kichwa cha kuvutia. Kikilegea, zipu inafunga mbele na kufunguka nyuma, na hamoki nzima imepoteza kazi yake kwa sababu ya chuma cha ukubwa wa kucha. Kabla ya kununua mtumba, ifunge mahali, mtu akae ndani, kisha fungua na funga zipu mara kumi ikiwa imebeba uzito. Zipu nyingi hufunga vizuri mezani na kukataa zikivutwa. Halafu kagua pembe inapoishia. Chukua kijiti cha kiberiti, jaribu kukipenyeza. Kikipita, mbu atapita.

Kuitunza: isugue kwa mswaki mkavu, kisha ipake mshumaa mweupe mara moja kila baada ya safari chache. Usitie mafuta ya kupikia, yanashika vumbi. Kichwa kikilegea, kibane kwa koleo, upande mmoja kisha wa pili, kidogo sana, jaribu, bana tena. Ukibana kwa pupa kinapasuka. Ikishindikana, mpelekee fundi cherehani na umwambie atumie zipu ya mita yenye ukubwa uleule, vichwa viwili, sindano nyembamba na uzi wa poliesta. Uzi wa pamba huoza ukilowa mara kwa mara.

Ya kuvalisha: ukarimu na usumbufu wake

Hii ina uzito wa gramu 250 hadi 500 kwa kuwa inazunguka pande zote, na kuivalisha kunahitaji subira. Unafungua ncha moja ya hamoki, unapitisha neti yote, unafunga tena, unaitandaza, unakaza ncha zote mbili. Ifanye kabla ya magharibi. Ukisubiri giza, utawafungia mbu ndani pamoja nawe.

Inakoharibika ni kwingine kabisa. Ncha zisipokazwa kuzunguka mkusanyiko wa kitambaa, kidole kikipita, umeacha mlango. Tumbo la neti likigusa majani, mchwa na siafu wanapata ngazi. Na ubavu wake ukikulalia kwenye kiwiko, mbu anakuuma kupitia matundu ya neti yenyewe. Chandarua cha nyumbani hakikukingi ukikigusa, na hiki ni hivyohivyo. Shona vitanzi vidogo vya utepe usawa wa mabega, pande zote mbili, uvivute nje kwa uzi hadi kwenye vigingi viwili. Neti inakaa kama kuta, haikugusi.

Upande wa mgongo, kazi inafanyika kwa namna nyingine. Neti inaning'inia sentimita 15 au 20 chini ya kitambaa, kwa hiyo mbu anakuta ukuta kabla hajakifikia. Hata hamoki ya kamba za kusuka yenye matundu makubwa, ambayo neti iliyoshonewa ingekuwa mzaha mtupu juu yake, inalindwa. Usiku wa joto kama wa Moshi mwezi Februari, usipotaka mkeka wa povu wa kukutokesha jasho, hii ndiyo njia ya uhakika zaidi ya kulala kwenye kitambaa kitupu bila kuumwa.

Kuishonesha kwa fundi

Neti ya kuvalisha ina faida ambayo muuzaji hakuambii: inashoneka. Fundi yeyote wa cherehani anaiweza kwa saa chache, ukimpa vipimo vinavyoeleweka.

Kwa hamoki ya mita 3, nunua mita 6 za kitambaa cha neti chenye upana wa mita 1.5. Kikate vipande viwili vya mita 3. Viunge kwa urefu upande mmoja, huo ndio mgongo utakaolalia kamba ya juu. Upande wa pili, chini, shona sentimita 95 kutoka kila ncha na uache sentimita 110 katikati wazi, ndio mlango. Kingo zote za mlango zikunjwe sentimita 3 zipitishiwe kamba nyembamba ya milimita 3. Ncha mbili za mfuko nazo zikunjwe hivyohivyo, kila moja na kamba ya mita 1.5. Utabaki na mfuko wa urefu wa mita 2.94 na mzunguko unaokaribia mita 3. Hamoki ikifungwa ncha hadi ncha ni mita 2.5, kwa hiyo unazo sentimita 20 na kitu kila upande za kukusanya na kukaza.

Kuingia: chuchumaa, pitisha kichwa na mabega kwenye mlango wa chini, simama ndani yake, kaa kwenye hamoki, inua miguu, vuta kamba ya mlango na uifunge kwa fundo la kuachia. Zipu hakuna, kwa hiyo hakuna cha kufa. Ukishaingia, washa tochi uzungushe macho. Mbu mmoja au wawili huingia nawe, na ni rahisi kuwaua sasa kuliko saa nane usiku.

Mwambie fundi akunje kitambaa mara mbili kila mshono. Ukishonwa tabaka moja, uzi unakata neti kama wembe siku ya kwanza utakapoinuka kwa haraka. Na usikubali neti ya shela ya harusi. Inapendeza, lakini inanasa kwenye kila mwiba na kuchanika.

Watu huuliza kama wanaweza kukata chandarua cha kitandani. Kile kilichogawiwa bure kliniki au shuleni kiache kitandani, kuna anayekihitaji pale. Hata ukinunua cha kwako, kingi cha mstatili kina urefu wa sentimita 180 hadi 190, na hamoki yako inadai karibu mita 3. Utaunga viraka mpaka ujute.

Tazama pia tundu la neti. La kawaida linamzuia mbu, lakini usubi hupenya bila kuinama. Ukilala karibu na mito na mifereji unakojua kuna usubi, tafuta neti iliyosukwa karibu zaidi, na ukubali kwamba hewa itapita kidogo na joto litaongezeka.

Na neti yenye dawa?

Arusha ina historia kwenye hili: kiwanda cha A to Z kilianza kutengeneza hapa vyandarua vya Olyset mwaka 2003, ambavyo dawa ya permethrin imechanganywa ndani ya uzi wenyewe wakati wa kutengenezwa. Ndiyo maana matundu yake ni makubwa kuliko ya vyandarua vya poliesta: mbu akitua kutafuta njia, dawa inamkuta. Kutokana na hapo imezaliwa imani kwamba neti yenye dawa haihitaji kuwa nzima. Inahitaji. Dawa hupungua kwa kufuliwa, baadhi ya mbu wameshaizoea, na tundu la kidole ni mlango hata kama fremu yake ina sumu.

Kwenye hamoki, permethrin ina matumizi mengine ya maana. Ukiwa na iliyoshonewa, nyunyizia upande wa nje wa chini, ule unaotazama ardhi, kwa dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya nguo, kufuatana na kipimo cha lebo. Acha ikauke kabisa kivulini kabla ya kulala. Ikiwa mbichi ni sumu kali kwa samaki na paka, kwa hiyo usifanyie kazi hiyo kando ya chemchemi wala ziwa, na paka wa nyumbani asipite. Dawa za kuua wadudu shambani usizifikirie kabisa.

Wadudu watambaao na mvua zina njia moja: mikanda. Siafu wakipata mti wako watatembea juu ya mkanda mpaka kwako. Paka mafuta mazito ya kujipaka, kama Vaseline, sentimita 10 za mkanda karibu na mti. Maji ya mvua nayo yanateremka kwenye mkanda huohuo. Funga uzi wa pamba, sentimita 15, uning'inie kutoka kwenye mkanda, na kwa neti ya kuvalisha ufungwe nje ya pale ilipokazwa. Ukiufunga ndani, maji yanadondokea ndani ya mfuko. Moto wa kambi uwe mbali, mita 4 au zaidi, upande ambao upepo hauleti cheche kwako. Cheche moja inayeyusha tundu la ukubwa wa shilingi.

Basi ninunue ipi?

Kwa mtu wa Arusha au Moshi anayelala nje mara nne au tano kwa mwaka, mara huku chini kwenye maji, mara kule juu kwenye baridi, ya kuvalisha inamfaa zaidi. Anaibeba anapoihitaji, inakinga pande zote, ikichanika hamoki inabaki nzima, na fundi wa mtaani anaweza kuitengeneza au kushona nyingine. Kwa mwongoza watalii wa kutembea kwa miguu, au yeyote anayepiga kambi mpya kila jioni, iliyoshonewa inaokoa muda na hasira, mradi abebe mkeka.

Neti nusu, ile inayofunika kichwa na kifua tu, inauzwa kwa sifa ya wepesi. Inafaa baridi, ukiwa umejifunika blanketi nzito kuanzia kifuani. Kule Mto wa Mbu itawafundisha mbu wapi pa kuanzia.

Kama iliyoshonewa umeshainunua na huna mpango wa kununua nyingine, usiitupe. Pima kamba ya juu na uirudishe kwenye asilimia 83. Ziba matundu madogo kwa sindano na uzi, na ukiwa porini bila sindano, bandika seloteipu pande zote mbili za neti mpaka urudi. Weka mkeka mmoja mrefu chini ya mgongo, kile kipande kingine kikingame mabegani. Ukirudi, ianike kivulini ikauke, uifungie kwenye ndoo yenye kifuniko. Panya wa stoo hawatofautishi iliyoshonewa na ya kuvalisha.